Maji Baridi na Kivuli Chake

Jambo nililokuja nalo redioni jioni hii ni dogo kwa sura, na pengine wapo watakaocheka wakilisikia, maana nataka kuzungumza juu ya ubaridi wa maji ya vijito vyetu hapa Pemba. Uchache wa maji na uchafu wake ni mambo yaliyokwisha kusemwa mara nyingi na watu walionizidi elimu. Mimi nakusudia ule ubaridi wenyewe, unaomshitua mtu anapotia mguu mtoni wakati wa adhuhuri, ambao tumeuzoea hata hatuuhesabu tena kuwa ni neema.

Nilipokuwa mtoto, katika bonde moja la upande wa Wete, bibi yangu alikuwa na desturi ya kunituma maji kwenye chemchem iliyochimbuka chini ya mkuyu mkubwa, na njia ya kuendea huko ilishuka baina ya mikarafuu, ikapita katika migomba, kisha ikazama penye giza la miwale, ambapo mtu aliihisi hewa imebadilika usoni pake kabla hajayaona maji wala kuyasikia. Kijito kilichotoka hapo kilikuwa chembamba, mtoto wa miaka saba angeweza kukiruka bila ya kurowa. Walakini penye mizizi ya mkuyu palikuwa na kidimbwi chenye kina cha kufika magotini, na ukikaa kimya ukingoni mwake kwa muda wa kumaliza muwa mmoja, uliwaona kamba wa mtoni wakitoka chini ya majani makavu yaliyozama, wadogo, wenye miili iliyo angavu kama kioo, wakirudi kinyumenyume kila kivuli chako kilipotikisika, na kuchokora matope kwa vikucha vyembamba kama nyuzi. Mwendo wa hatua ishirini chini ya hapo, kijito hicho hicho kilitoka kivulini kikaingia kwenye majaluba ya mpunga, jua likakipiga tangu asubuhi hadi alasiri, na maji yake yakawa vuguvugu kama ya birika iliyoepuliwa jikoni ikasahauliwa. Na huko hatukumpata kamba hata mmoja, tungesaka mpaka magharibi. Maji ni yale yale, yametoka tundu moja. Kilichozidi huku na kupungua kule ni kivuli, na elimu hiyo sisi watoto tuliipata kwa nyayo kabla ya mwalimu yeyote kutusomesha.

Baadaye nilipokuja kusoma nikaifahamu sababu yake. Samaki, kamba na viluwiluwi vya chura huvuta pumzi kama tuvutavyo sisi, ila wao huitafuta ndani ya maji ile hewa inayoitwa oksijeni, na maji yana tabia iliyo kinyume na wengi wanavyodhani, kwamba kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyoshindwa kuibeba hewa hiyo. Lita moja ya maji matamu yenye joto la nyuzi 20 za sentigredi huweza kuchukua takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakipanda hadi nyuzi 30, uwezo huo hushuka ukawa kama miligramu saba na nusu. Mtu atasema tofauti hiyo ni ndogo. Lakini azingatie kwamba mwili wa viumbe hawa hauna joto lake wenyewe kama mwili wetu, hufuata joto la maji, na maji yakizidi moto mwili nao huenda mbio, ukadai pumzi zaidi wakati ule ule pumzi ilipoadimika. Ni mfano wa mpagazi apandaye kilima na gunia la karafuu kichwani, na kila anapozidisha mwendo pana mtu anayemkaza kitambaa puani.

Sasa, ubaridi huo hutoka wapi katika kisiwa cha nchi ya joto kama hiki, kisichokuwa na theluji wala mlima? Vilima vyetu vya Pemba, pamoja na wingi wake, hakuna hata kimoja kinachofika mita mia mbili. Jawabu limo ndani ya vilima hivyo hivyo. Mvua ya masika na ya vuli inapoanguka penye miti, sehemu yake hunywewa na ardhi taratibu, ikateremka baina ya mchanga na udongo, ikakaa gizani kwa miezi, na pengine kwa miaka, kabla ya kutokeza tena mguuni mwa kilima. Na huko chini joto halijui usiku wala mchana. Kila aliyechota maji kisimani alfajiri anajua kuwa wakati huo huonekana yana uvuguvugu, ilhali adhuhuri maji hayo hayo humburudisha: kisima hakikugeuka, iliyogeuka ni hewa na ngozi zetu. Kwa hivyo kilima ni mtungi, na kivuli ni kifuniko chake, na mwenye kutaka maji baridi hana budi kuvitunza vyote viwili, kwani mtungi uliopasuka haufaidiki kwa kifuniko, wala mtungi mzima uliowekwa juani bila ya kufunikwa hauwezi kumpa mgeni maji ya kumtoa kiu.

Waarabu wa kale waliokiita kisiwa hiki al-Khadra, yaani cha kijani, hawakukisifu kwa ajili ya mikarafuu, maana wakati huo haikuwapo. Waliyoyaona kutoka majahazini mwao yalikuwa ni misitu. Mikarafuu ilifika visiwani katika karne ya 19, na baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la zao hilo. Vilima vikafyekwa, misitu ikarudi nyuma hadi mabondeni na pembezoni. Insafu yanitaka niseme kuwa mkarafuu nao ni mti, una kivuli na mizizi, na kilima chenye mikarafuu kingali kikinywa mvua kuliko kilima kilichoachwa uchi. Lakini anayetaka kujua vijito vya Pemba vilikuwaje kabla ya hapo, na aende Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, mahali palipobakia hekta 1,400 na ushei za msitu wa asili, wenye mivule mirefu, na sehemu za majimaji zilizojaa miwale, na ule mpapindi, mti wa jamii ya mnazi usioota kwa asili popote duniani ila kisiwani petu. Atokaye Konde saa saba za mchana, shati limemganda mgongoni, akaingia chini ya miti ile, hahitaji kipimo cha kumwambia amefika wapi.

Tangu vilima vilipofyekwa mambo mawili yametukuta, moja limetoka mbali na moja limetoka mikononi mwetu. La mbali ni hili joto la dunia, ambalo Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa katika mwaka 2024 lilipanda kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa, likazidi kwa takriban nyuzi moja na nusu lile la zama za kabla ya viwanda. Na hilo mkulima wa Mtambile au wa Kengeja hakulileta, wala hana uwezo wa kulirudisha peke yake. La pili ni jembe linalolima hadi ukingoni pa maji, na panga lifyekalo vichaka vya kichwa cha chemchem, na uchimbaji wa mchanga mabondeni, na mashine za visima virefu ambazo zikivuta maji zaidi ya yale ambayo mvua huyarudisha ardhini, chemchem iliyo chini yake hufifia kama taa iliyokwisha mafuta.

Na hapa naungama. Mkuyu wa bibi yangu haukukatwa na mgeni. Tuliukata sisi wajukuu zake baada ya yeye kufariki, kwa sababu tulitaka kuongeza shamba la majimbi na majimbi yalitaka jua. Mwaka wa kwanza yalistawi, tukajiona werevu. Mwaka wa tatu ukingo uliokuwa umeshikwa na mizizi ile ulimomonyoka kwa mvua za masika, kidimbwi kikajaa mchanga. Na kiangazi kilichofuata nilikuta maji ya kufika kifundoni, yana moto, yametandwa na ukoga wa kijani, na kamba hawapo. Wala siwezi kusema kuwa nilikuwa mdogo, kwani ncha moja ya msumeno ule niliishika mimi.

Pengine mtu atauliza, na kamba wachache wa kijito kimoja wana thamani gani hata mtu awalilie redioni? Nitamjibu kwa kisa kilichotokea bara, katika milima ya Udzungwa. Mwaka 1996 wataalamu walimgundua, penye korongo la Mto Kihansi, chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika urefu wa sentimita tatu, tena asiyetaga mayai kama vyura wengine bali huzaa watoto walio kamili, na maisha yake yote yalitegemea rasharasha ya baridi iliyorushwa na maporomoko ya mto ule. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha ikapungua, makao yake yakakauka, na ijapokuwa palitengenezwa mabomba ya kunyunyiza maji, maradhi ya kuvu nayo yakaingia. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka katika makao yake ya asili. Bahati ni kwamba vyura kama mia tano walikwisha kupelekwa Marekani mwaka 2000 wakazalishwa huko, na mwaka 2012 baadhi ya vizazi vyao wakarudishwa Kihansi. Umeme ule twauhitaji, wala simlaumu aliyeutafuta. Ila zingatieni gharama: kiumbe ambacho Mola alikiweka mahali padogo pa baridi, akikilisha bure, kilihitaji ndege, vioo, madaktari na mabomba ili kisifutike, na hata hivyo hakijapata salama yake ya kwanza.

Walio mbali nao wameanza kulizingatia jambo hili. Katika Mto Columbia huko Marekani, mwaka 2015, maji yalipata moto kupita desturi na samaki aina ya samoni zaidi ya laki mbili na nusu wakafa safarini kabla ya kufika mahali pa kutaga. Waliochunguza walikwisha kuona kwamba samoni, joto likizidi, huacha mkondo mkubwa wakaingia kwenye midomo ya vijito vinavyoteremka kutoka mabonde yenye miti, wakapumzika humo kama wasafiri waliokimbilia barazani kukwepa jua. Na mwaka 2021 serikali ya huko ikatoa mpango mahsusi wa kuyalinda makimbilio hayo. Hikima iliyomo ni kwamba hawakusema wataupoza mto mzima, kwani hilo hawaliwezi. Walisema watazilinda sehemu chache zenye baridi, ili viumbe vipate pa kuvukia siku za dhiki. Na sisi tusidhani kuwa fikra hiyo ni ngeni kwetu, maana bahari yetu imetangulia kutufundisha. Mkondo wa Pemba, unaotutenga na Tanga, una kina cha zaidi ya mita 800, na watafiti wa matumbawe wameutaja mwambao huu kuwa ni miongoni mwa mahali ambapo maji ya baridi yapandayo kutoka kilindini huyapa matumbawe nafasi ya kuokoka pale bahari nyingine zinapochemka. Lililo kweli kwa mkondo wenye kina cha mita 800 ni kweli kwa kidimbwi cha magotini.

Najua pia kuwa wapo wasikilizaji ambao tangu nianze wananing'unikia moyoni wakisema: huyu anatusifia vijito, na kichocho je? Wana haki. Maradhi hayo yametutesa hapa Pemba kwa vizazi, na konokono anayeyabeba huishi katika vijito na madimbwi hayo hayo, akipenda zaidi maji yaliyotuama au yaendayo polepole yenye majani. Baina ya 2012 na 2017, katika shehia 90 za Unguja na Pemba, palikuwa na kazi kubwa ya kuyatokomeza, watu wakinyweshwa dawa mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia maji yakitiwa dawa ya kuua konokono, na katika nyingine watoto wakifundishwa kucheza mbali na mito. Basi nisifahamike vibaya: sisemi watoto warudi kuoga mitoni, wala simzuii mtu wa afya kufanya kazi yake. Nasema tu kwamba dawa ile ya konokono huua na samaki na viluwiluwi, kwa hivyo ni busara anayeitia ajue mahali pa baridi palipo na viumbe na mahali palipo na konokono, asipige bonde zima kwa fimbo moja. Na kwamba kijito kinachokwenda, chenye kivuli na ukingo mzima, kina manufaa kwetu kuliko dimbwi la jua lililotuama, tulilolitengeneza wenyewe kwa kumomonyoa kingo.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nayo ni njaa. Pemba ni kisiwa chenye watu zaidi ya 540,000 kwa hesabu ya mwaka 2022, ardhi haiongezeki, na bonde lenye maji ndilo bonde lenye mpunga. Nani atamwambia mama mwenye watoto sita aache hatua kumi za ardhi yenye rutuba kwa ajili ya kivuli? Mimi nisingethubutu, kama kivuli hicho kisingekuwa ni chake pia. Chemchem ikifa, hufa na jaluba lililo chini yake, tena hufa mwezi ule mpunga unapotia mimba na mvua imekatika. Na mwale uliosimama ukingoni hutoa makuti ya kuezekea na miti ya kupaulia, nao hauli mbolea wala hauhitaji kupaliliwa. Hatua kumi zilizoachwa juu zinazilinda hatua mia zilizolimwa chini.

Wazee wetu walilijua hilo, ijapokuwa kila mmoja alilisema kwa lugha yake. Wengine walisema chemchem fulani ina mwenyewe, na atakayekata mti wake atapatwa na homa. Na ingawa mimi siamini kuwa jini ndiye aliyekaa pale, naamini kuwa khofu ile ilihifadhi miti mingi. Wanavyuoni nao, katika vitabu vya fikihi, wana mlango unaoeleza harimu ya kisima, yaani eneo la pembezoni mwake ambalo mtu haruhusiwi kulihuisha kwa namna ya kukidhuru, na wapo waliotaja dhiraa arubaini. Hata pale Pujini, penye magofu ya ngome inayonasibishwa na mtawala Mkama Ndume, husimuliwa kuwa kisima kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane wakigombana. Na mimi hujisemea, kama mtawala aliyetajwa kwa ukali aliweza kujenga ukuta ndani ya kisima kwa ajili ya amani ya nyumba yake, sisi watu wapole twashindwaje kuweka wigo wa miti kwa ajili ya amani ya bonde zima?

Wala hatuanzi patupu. Kisiwani Misali, kilichotengwa kuwa hifadhi mwaka 1998, wavuvi walifundishwa kuyatunza matumbawe kwa mafundisho ya dini yao wenyewe, wakayasikiliza kuliko walivyosikiliza amri za ofisini. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 imewapa wanakijiji njia ya kufunga mikataba ya kuitunza misitu yao, na kamati za shehia zimezoea kazi hiyo. Lililobaki ni kuiongeza chemchem katika hesabu, maana mara nyingi tumehesabu miti tukasahau yale yaliyo chini yake.

Rai yangu, kwa hivyo, ni nyepesi. Wakati wa kaskazi, siku za jua kali, kamati ya kila shehia iteue watu wawili au watatu, mmoja wao awe mzee anayelijua bonde, wakifuate kijito saa za adhuhuri kutoka chini kwenda juu, wakipima kwa kipimajoto ikiwa wanacho, na ikiwa hawana, wayaguse maji kwa mkono penye chemchem yenyewe na mahali wanapoaminishwa hapana kichocho. Wapaandike mahali pote palipo baridi, kisha wapafanyie harimu, isilimwe, isichimbwe mchanga, isichomwe moto, na palipo uchi papandwe mikuyu na miwale. Na kilima kilicho juu yake kisiachwe kipara, kwa sababu mtungi ndio huo. Mamlaka ya Maji nayo, inapochimba kisima kirefu, iulize kwanza chemchem iliyo chini yake ni ya nani na inawalisha wangapi.

Masika iliyopita nilirudi kwenye tundu ile ya bibi yangu, na pale palipokuwa na kisiki nikapanda miche minne, miwili ya mkuyu na miwili ya mwale. Mmoja umeliwa na ng'ombe, mitatu imeshika.